Sosi ya Big Mac na McFlurry: Hivi ndivyo unazitengeneza kejani

Ni tarehe 20, doh imekata, na kwa simu mtu anang'ata burger inayodondosha sosi mpaka kwa kiwiko. Manze, inauma. Na McDonald's haina tawi hapa Kenya, kwa hivyo hata mshahara ukiingia, Big Mac bado utaiona kwa skrini tu.

Lakini ile "sosi ya siri" yao si siri tena. Big Mac ilibuniwa 1967 na Jim Delligatti, mwenye migahawa ya McDonald's kule Pennsylvania, Marekani. Mwaka 2012, mpishi mkuu wa kampuni, Dan Coudreaut, alitokea kwa video akiitengeneza kwa vitu unavyoweza kupata supermarket. Wengi hudhani ile rangi inatoka kwa ketchup. Zii! Hakutia ketchup. Rangi ni ya paprika.

Chukua nusu kikombe cha mayonezi, kijiko kimoja kikubwa cha haradali ya njano, na vijiko viwili vikubwa vya matango ya siki yaliyokatwakatwa ndogo kabisa na kutiwa sukari kidogo. Ongeza kijiko kidogo cha siki nyeupe, kisha unga wa kitunguu saumu, unga wa kitunguu maji na paprika, nusu kijiko kidogo kila moja. Koroga, funika, weka kwa friji usiku mzima. Hapo ndipo wasee wengi huharibu: wanaonja saa hiyo hiyo, wanasema haifanani, wanaanza kuongeza vitu. Ule unga unahitaji muda kunyonya maji ndio ladha itoke.

Sasa tuongee kuhusu mayonezi yenyewe, maana hapa kuna hatari. Ukiwa umesota utaambiwa ujitengenezee kwa kiini cha yai bichi na mafuta. Inawezekana, lakini yai bichi linaweza kuwa na bakteria wa salmonella, hata kama ganda ni safi na yai ni la kuku wa mathe wako wa ocha. Siki au ndimu si dawa ya kutegemea. Kwa mtu mzima mwenye afya pengine ni tumbo la kuendesha siku kadhaa. Kwa mtoto mdogo, mama mjamzito au mzee, inaweza kuishia hospitali. Mimi kejani mwangu yai bichi sitii.

Tumia maziwa badala yake. Kipimo ni maziwa sehemu moja, mafuta ya kupikia yasiyo na harufu sehemu mbili, vyote vikiwa na joto sawa. Kama una ile blenda ya mkono, mimina vyote kwa jagi jembamba, ikanyage blenda chini kabisa, washa na usiisogeze mpaka uone kitu kimekuwa kizito. Ndio sasa uinue polepole. Kama ni blenda ya kawaida, anza na maziwa pekee, halafu dondosha mafuta kidogo kidogo kupitia kile kitundu cha juu. Protini ya maziwa ndiyo inashikilia matone ya mafuta yasijitenge. Ndimu na chumvi zije mwisho. Mara yangu ya kwanza nilimwaga mafuta yote kwa blenda ya kawaida kwa haraka, nikapata supu. Nilikaangia mayai.

Hiyo base ukiipondea punje mbili za kitunguu saumu, una sosi ya chipo tayari. Iweke kwa friji na uimalize ndani ya siku 3. Ikikaa mezani zaidi ya saa 2, mwaga.

Kwa upande wa McFlurry, hiyo ilizaliwa Kanada mwaka 1995. Ulaini wake unatokana na mashine inayoingiza hewa huku ikigandisha, na inatoka ikiwa haijaganda sana. Mashine huna, kwa hivyo hewa utaiingiza wewe: piga krimu nzito ya mililita 500, ikiwa baridi sana, mpaka isimame. Changanya taratibu na mkebe mmoja wa maziwa mazito matamu, usiipige tena. Gandisha saa 6. Kabla ya kula, itoe kwa dakika 10 ilainike kidogo, kisha vunjavunja biskuti za chokoleti uchanganye hapo kwa bakuli. Biskuti ukizitia mapema zitalowa, hazitalia kwa meno.

Krimu ni ghali? Kata ndizi 4 zilizoiva mpaka ganda lina madoa, gandisha vipande, saga kwa blenda na kijiko cha siagi ya karanga. Itaanza kama makombo, usipanik. Zima, kwangua pembeni, washa tena. Ghafla inakuwa aiskrimu. Kula papo hapo, maana ukiirudisha kwa friza inageuka jiwe.