Kisima na Baraza

Kinna ni mji mdogo wa Kaunti ya Isiolo, kaskazini mwa Kenya, karibu na Mbuga ya Taifa ya Meru. Wenyeji wake wengi ni Waborana, na mali yao kubwa ni mifugo. Atakaye kujua kama watu wa nchi kame wanatawaliwa vema, na atazame kwanza maji.

Hapo kale Waborana walikuwa na utaratibu wao. Malisho yaligawanywa katika sehemu ziitwazo dedha, na wazee wa kila sehemu waliamua nyasi zipi ziliwe wakati wa mvua, zipi wakati wa kiangazi, na zipi ziwekwe akiba kwa mwaka wa ukame. Kisimani palikuwa na msimamizi, aba herega, aliyepanga zamu za kunywesha. Naye alinyweshea mifugo yake papo hapo; kwa hiyo akikosea, hasara ilimpata yeye pia. Hatusemi kwamba mambo hayo yalikamilika, maana wanawake hawakuketi katika mabaraza hayo. Lakini aliyeamua aliishi karibu na matokeo ya uamuzi wake.

Utawala wa kikoloni haukujengwa juu ya msingi huo. Sheria ya wilaya maalumu ya mwaka 1934 ilikusudiwa kuwazuia watu, si kuwahudumia. Baada ya Uhuru vikaja Vita vya Shifta, tangu 1963 hata 1967. Watu wengi wa Isiolo walikusanywa kambini, na mifugo isiyo na idadi ikapotea. Waraka wa Serikali Namba 10 wa 1965 nao ulielekeza fedha za maendeleo kwenye nchi zenye rutuba na mvua. Kisha, mwaka 1970, halmashauri za wilaya ziliondolewa kazi za elimu ya msingi, afya na barabara. Tangu hapo, mtu wa Kinna alipohitaji dawa au mwalimu, jibu lilingojewa kutoka Nairobi.

Katiba ya mwaka 2010 iligeuza mwendo huo. Mwaka 2013 serikali za kaunti zilianza kazi, zikapewa afya, maji na elimu ya chekechea. Kinna ikawa miongoni mwa wadi tano za Isiolo zilizotangulia kuunda kamati za wananchi za kupanga matumizi ya fedha za kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi. Miradi mingi iliyochaguliwa katika wadi hizo ilihusu nini? Maji na malisho, yale yale ya wazee wa dedha.

Basi tusidhani kwamba kuhamisha ofisi kunatosha. Ofisi iliyoko Isiolo yaweza kuwa mbali na raia kama ile ya Nairobi, ikiwa haimsikilizi. Nanyi wanafunzi, mtakapokabidhiwa kazi ya umma, jiulizeni swali la kisimani: je, maji haya ninayowagawia wenzangu, nami nayanywa?