Alama ya Sawa Si Amri

Katika miaka yote niliyofundisha hesabu na fizikia chuo cha ualimu, hakuna alama niliyoiandika ubaoni mara nyingi kuliko vile vistari viwili vya usawa, na sidhani ipo inayoeleweka vibaya kuliko hiyo. Mwambie mwanafunzi kwamba mbili jumlisha tatu ni sawa na tano, atakubali. Mgeuzie, umwambie tano ni sawa na mbili jumlisha tatu, atakutazama kama mtu aliyevaa shati ndani nje. Kwake alama ile ni amri: kokotoa, kisha weka jibu upande wa kulia. Wala si watoto peke yao. Wataalamu wenye mashine kubwa nao walipita njia hiyo hiyo, na kisa chao kinafaa kusimuliwa.

Alama yenyewe ilibuniwa na Robert Recorde, tabibu na mwanahesabu kutoka Wales, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1557. Alichoka kurudia maneno yale yale ya kusema kitu hiki ni sawa na kile, akachora vistari viwili sambamba vya urefu mmoja, kwa kuwa hakuona vitu viwili vinavyoweza kulingana zaidi ya hivyo. Kwake ulikuwa mzani uliotulia. Mzani hauna upande wa swali na upande wa jibu.

Miaka 400 kamili baadaye, mwaka 1957, kampuni ya IBM ilitoa lugha ya kompyuta iitwayo Fortran. Humo mtu aliweza kuandika kwamba x ni sawa na x jumlisha moja. Kwa Recorde huo ungekuwa uongo, maana hakuna namba inayolingana na ile inayoizidi kwa moja. Kwa kompyuta ilikuwa amri halali: chukua namba iliyopo, ongeza moja, irudishe pale pale. Amri hizo zimefanya kazi kubwa duniani na sizibezi. Lakini sheria za maumbile haziamrishi kwa mpangilio huo. Volteji ni sawa na mkondo mara ukinzani. Sheria hiyo haisemi kipi kitangulie kujulikana.

Waliotaka kuurudisha ule mzani hawakukosekana. Mwaka 1963 Ivan Sutherland, mwanafunzi wa chuo cha MIT nchini Marekani, alionyesha programu yake ya Sketchpad. Mchoraji aliweka masharti tu, kwamba mistari hii iwe sambamba au ile iwe na urefu mmoja, na kompyuta ikatafuta yenyewe namna ya kuyatimiza. Mwaka 1978 Hilding Elmqvist wa Lund, Uswidi, aliandika tasnifu juu ya lugha ya kueleza mitambo kwa milinganyo badala ya amri. Kutokana na fikra za namna hiyo ilizaliwa lugha ya Modelica, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1997.

Kisha wahandisi wa mifumo, yaani wale wanaounganisha kazi za mafundi wengi katika chombo kimoja, walijipatia lugha yao ya michoro, SysML. Toleo lake la kwanza rasmi lilitoka mwaka 2007. Ndani yake mna kitu ninachokiita bloku ya sharti. Ni kisanduku kilichoandikwa mlinganyo, na chini yake orodha ya vigezo vyake pamoja na aina ya kila kipimo. Tuchukue ile sheria ya volteji. Kisanduku kinaandikwa mara moja. Kisha kwa mistari, kigezo cha volteji kinafungwa kwenye betri na cha ukinzani kwenye taa. Betri ikiwa ya volti 12 na taa ya omu 6, mkondo utakuwa ampea 2. Sasa fundi wa waya aseme waya wake hauwezi kubeba zaidi ya ampea 1.5. Hatuandiki mlinganyo mwingine. Ule ule unatuambia taa isipungue omu 8. Kisanduku chenyewe hakikokotoi. Kinaweka mapatano wazi, na programu nyingine hufanya hesabu.

Kuna faida gani? Jibu liko kwenye sayari ya Mars. Chombo cha Mars Climate Orbiter kilirushwa Desemba 1998. Programu moja iliyokuwa duniani ilitoa hesabu za msukumo wa injini zake ndogo kwa pauni. Waongozaji wa chombo wakazipokea kana kwamba ni niutoni. Pauni moja ya kani ni karibu niutoni 4.45, kwa hiyo kila msukumo ulihesabiwa kuwa mdogo kuliko ulivyokuwa. Tarehe 23 Septemba 1999 chombo, kilichotarajiwa kupita kilomita 226 juu ya sayari, kilishuka hadi kama kilomita 57, na hakikusikika tena. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lilikuwepo: hati ya makubaliano ilitaka niutoni. Ila ilikaa mbali na kazi, na hakuna aliyeilinganisha na programu.

Bloku ya sharti haimzuii mtu kukosea. Inachofanya ni kulisogeza daftari hadi mezani, ili fundi wa betri na fundi wa waya wasome ukurasa mmoja, wenye vipimo vyake. Kwa hiyo nawasihi walimu vijana: kabla hamjamwambia mwanafunzi atafute jibu, mwambieni ataje ni vitu gani vinavyopatana katika mlinganyo ule, na kila kimoja kinapimwa kwa nini. Akishindwa kuvitaja, hesabu isubiri.