Majani Yaliyovunda na Mchele Ulioota Ukungu

Jumamosi moja ya Februari 1933, mkulima Ed Carlson wa Deer Park, jimbo la Wisconsin nchini Marekani, alipakia garini mtamba aliyekufa, debe la maziwa lililojaa damu, na kiasi cha kilo 45 za majani makavu ya klova tamu, malisho ya jamii ya kunde. Akaendesha karibu kilomita 300 katika dhoruba ya theluji hadi Madison kumtafuta daktari wa mifugo wa serikali. Ofisi ilikuwa imefungwa. Mlango aliofunguliwa ulikuwa wa mkemia wa chuo kikuu, Karl Paul Link. Safari nzima ile, na baridi yote ile, damu ya debeni haikuwa imeganda.

Mimi ni mfamasia. Wengi wanaochukua warfarini dirishani kwangu ni vijana waliobadilishiwa vali za moyo kule Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, baada ya homa ya utotoni kuziharibu vali zao. Bila dawa hii, damu huganda kwenye vali ya chuma, bonge likachomoka na kwenda kwenye ubongo. Dawa mpya za kuzuia damu kuganda hazifai kwa vali hizo, kwa hiyo wamefungwa na warfarini maisha yote. Basi mara kwa mara mmoja wao husogea karibu na kuniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, eti ni kweli hii ni sumu ya panya?"

Ni kweli, namwambia, na kabla ya panya ilikuwa msiba wa ng'ombe. Kisha namsimulia habari za Carlson, kwa sababu ninaamini mgonjwa anastahili kujua dawa yake ilitoka kwa nani.

Miaka ya 1920, wafugaji wa Alberta na North Dakota waliona ng'ombe wakivuja damu hadi kufa kwa jeraha dogo tu, hata la kukatwa pembe. Daktari wa mifugo wa Kanada, Frank Schofield, aligundua kwamba waliougua walikuwa wamelishwa klova iliyoota ukungu. Iliyo safi haikuwadhuru. Ushauri ukawa mwepesi kuutamka: tupeni majani yaliyovunda. Lakini nyakati zile za dhiki ya uchumi, mkulima aliyeyatupa hakuwa na kingine cha kuwalisha. Carlson alijua hatari ya majani yale, ila ndiyo aliyokuwa nayo. Link na msaidizi wake, Eugen Schoeffel, hawakuwa na dawa ya kumpa. Walimwambia aache kuwalisha majani hayo, na kama anaweza, awaongeze damu waliougua. Akarudi na theluji ile ile.

Usiku huo huo walianza kuichunguza damu ya debeni. Miaka sita ikapita kabla Harold Campbell, katika maabara ya Link, hajaipata sumu yenyewe ikiwa chembe safi, Juni 1939: dikumaroli, ambayo ukungu huitengeneza kutokana na kile kinachoipa klova harufu yake tamu. Kutoka hapo Link alitengeneza jamaa zake kadhaa, na mojawapo ikauzwa mwaka 1948 kama sumu ya panya. Ndiyo warfarini. Mwaka 1951 kijana mmoja wa jeshi la Marekani aliinywa akitaka kujiua. Akatibiwa kwa vitamini K, akapona. Hapo madaktari wakaona kwamba madhara yake yanaweza kurudishwa nyuma, na mwaka 1954 ikaruhusiwa kwa binadamu. Mwaka uliofuata Rais Eisenhower alipopatwa na shambulio la moyo, alipewa.

Vitamini K hiyo nayo ililetwa na kuku. Mwaka 1929 huko Copenhagen, Henrik Dam alikuwa akiwalisha vifaranga chakula kisicho na mafuta ili ajue kama wanajitengenezea kolesteroli wenyewe. Vifaranga wakaanza kuvuja damu chini ya ngozi. Alitafuta kolesteroli, akapata kinachogandisha damu. Ndiyo sababu nawasihi wagonjwa wangu: mchicha na kisamvu kuleni, lakini kwa kiasi kile kile wiki hadi wiki, msije mkavuruga kipimo cha damu.

Kolesteroli ilimsubiri mtu mwingine. Akira Endo alikulia kijijini Akita, Japani, na babu yake ndiye aliyemtia hamu ya sayansi. Kuanzia mwaka 1971, akiwa kampuni ya Sankyo, alipima maelfu ya aina za kuvu akitafuta kitakachozuia mwili kutengeneza kolesteroli. Kilichomfaa kilitoka kwenye mchele wa duka la nafaka la Kyoto, ukungu wa jamii ya ule uliotupa penisilini. Dawa ikagoma kwa panya, na kazi yote ilielekea kutupwa, mpaka ilipojaribiwa kwa kuku wa mayai. Kolesteroli yao ikashuka.

Mwaka 1978 daktari wa Osaka, Akira Yamamoto, alimpa dawa hiyo msichana wa miaka 18 aliyezaliwa na maradhi ya kolesteroli nyingi kupita kiasi. Kolesteroli ilishuka, lakini misuli yake ikalegea. Yamamoto akasimamisha dawa, kisha akapunguza dozi na kuendelea na wagonjwa wengine, akitazama misuli yao. Dawa za jamii hiyo ndizo statini, na ya kwanza kuruhusiwa Marekani, lovastatini, ilikuja mwaka 1987. Kwa sababu ya msichana yule, kila anayechukua statini dirishani kwangu namuuliza kwanza kama mapaja yanamuuma, na kama anaweza kuinuka kitini bila kushika kitu.