Reli Iliyopandishwa Mlimani kwa Beleshi

Tarehe 2 Januari 1965, katikati ya majira ya baridi, watu wachache walikusanyika na zana zao mahali paitwapo Dduallt, kwenye milima ya kaskazini mwa Wales, wakaanza kuchimba. Hakuna aliyelipwa. Dduallt haikuwa na barabara, hivyo kila walichohitaji kililetwa kwa treni ndogo kutoka bondeni au kilibebwa mabegani. Walikusudia kujenga kilomita 4 za njia mpya ya reli, zenye handaki ndani yake na kitanzi ambapo njia ingejizungusha na kuvuka juu yake yenyewe. Wengi wao walikuwa na kazi nyingine za wiki nzima, na huku mlimani walikuja Jumamosi na Jumapili. Treni ya kwanza ya abiria ilipita njia hiyo yote baada ya miaka 13.

Reli yenyewe ni ya Ffestiniog, na ni kongwe kuliko nyingi duniani. Bunge la Uingereza liliipitisha sheria yake mwaka 1832, na mwaka 1836 ikafunguliwa kubeba sleti, yaani mawe yanayopasuka mabamba mabamba ya kuezekea nyumba, kutoka machimbo ya Blaenau Ffestiniog hadi bandari ya Porthmadog. Umbali ni kilomita 21 na ushei, na upana kati ya reli na reli haufiki sentimita 60. Waliopima njia waliilaza mlimani kwa mteremko mwanana kuelekea baharini, hivyo magari yaliyojaa mawe yalishuka yenyewe bila kuvutwa na kitu, wafanyakazi wakiwa juu yake kushika breki. Farasi walishuka nao, wamesimama ndani ya behewa lao wakila nyasi, kisha wakayavuta magari matupu kurudi juu. Injini za mvuke zilifika mwaka 1863, abiria wakaruhusiwa rasmi mwaka 1865, na miaka michache baadaye wahandisi kutoka nchi za mbali walikuwa wakija Porthmadog kujionea jinsi reli nyembamba inavyoweza kubeba mzigo mkubwa milimani kwa gharama ndogo.

Soko la sleti likaporomoka. Tarehe 1 Agosti 1946 reli ikafungwa, na injini zikaachwa pale zilipokuwa. Kilichoiokoa ni kasoro ya sheria yake: sheria ile ya 1832 haikueleza namna ya kuiacha reli, kwa hiyo kampuni haikuwa na ruhusa ya kung'oa vyuma na kuviuza kama chakavu. Njia ikabaki, miti ikaota katikati ya mataruma. Mwaka 1951 kijana wa miaka 17, Leonard Heath Humphrys, aliitisha mkutano mjini Bristol wa watu waliotaka kuifufua. Katika mwaka huohuo reli jirani ya Talyllyn, pia ya sleti, ilikuwa imeanza kuendeshwa na chama cha watu wanaojitolea, ya kwanza duniani kuokolewa kwa njia hiyo. Mwaka 1954 mfanyabiashara Alan Pegler, kwa pauni 3,000 alizokopeshwa na baba yake, alipata udhibiti wa kampuni ya Ffestiniog. Mwaka uliofuata treni ya abiria ilivuka tena tuta la baharini la Porthmadog, na kuanzia hapo wanaojitolea wakawa wanaifyeka na kuifungua njia kipande baada ya kipande, hadi wakafika kituo cha Tan-y-Bwlch mwaka 1958.

Lakini huko juu njia ilikuwa imekatwa. Mamlaka ya umeme ilipata kibali cha Bunge mwaka 1955 kujenga kituo cha kuzalisha umeme kwa maji huko Tanygrisiau. Mtambo wa aina hiyo huwa na mabwawa mawili, moja juu ya mlima na moja chini. Umeme ukiwa mwingi, usiku, maji husukumwa kwenda juu. Ukihitajika, huachiwa yashuke yazungushe mitambo. Bwawa la chini lilikalia mahali ilipopita reli, na handaki la zamani la Moelwyn likaachwa upande wa majini. Waliokuwa wakiifufua reli waliambiwa, kwa maneno mengine, kwamba wakitaka kufika Blaenau watafute njia nyingine wenyewe. Kampuni ilidai fidia. Shauri lilijikokota kwa karibu miaka 18, likawa miongoni mwa mashauri marefu kabisa katika historia ya sheria ya Uingereza, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 reli ikalipwa zaidi ya pauni 100,000.

Napenda kukumbusha kwamba beleshi la kwanza liliingia ardhini miaka kadhaa kabla ya fedha hizo kupatikana. Wangeweza kungoja hukumu, na hakuna ambaye angewalaumu. Walianza bila kujua kama watalipwa hata senti moja, na naamini kuanza huko ndiko kulikoipa reli uzito mbele ya wakubwa, kwa kuwa tuta lililokwisha kujengwa halipuuzwi kwa urahisi kama ombi lililo kwenye karatasi.

Tatizo la kwanza lilikuwa kimo. Ili njia mpya ipite juu ya usawa wa bwawa, ilibidi ipande karibu mita 10 zaidi, na treni haipandi kama mbuzi. Mteremko ukizidi kidogo tu, injini hushindwa kuvuta. Jawabu lilikuwa kuirefusha njia mahali palepale. Walichora kitanzi: reli inaizunguka Dduallt, inapanda polepole, kisha inavuka juu ya njia ya zamani kwa daraja la Rhoslyn. Waliowahi kusafiri kwa treni ya zamani ya Mombasa kwenda Nairobi wanaujua mchezo huu, kwani karibu na Mazeras reli nayo inajizungusha ili ipande kutoka pwani. Huko Uingereza, kitanzi cha Dduallt ni cha pekee kwenye reli ya abiria.

Aliyeongoza kazi katika miaka ya mwanzo alikuwa Gerald Fox, mhandisi wa ujenzi. Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Tukisikia habari za kujitolea huwa tunafikiria moyo tu, tukasahau vipimo. Ubavu wa mlima hukatwa kama ngazi: upande wa juu unachongwa, na mawe yanayotoka yanamwagwa upande wa chini kuwa tuta. Kabla ya kokoto kumwagwa, maji ya mlimani lazima yapewe njia yake, kwa mifereji ya pembeni na makaravati yanayopita chini ya tuta, la sivyo mvua moja huondoa kazi ya miezi. Na Blaenau Ffestiniog ni mji wa mvua, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Kwa hiyo kijana aliyetoka chuoni na karani aliyetoka ofisini walifundishwa kwanza kuchimba mfereji wenye mteremko sahihi, ndipo wakapewa sururu ya kupasulia mwamba. Kila kilichojengwa kilipaswa kukaguliwa na wakaguzi wa reli wa serikali kabla ya abiria kupanda, na mkaguzi haulizi kama aliyejenga alilipwa mshahara au la.

Mwamba ulihitaji baruti, na hapa bahati iliwaangukia. Katika jumba la kale la Dduallt aliishi Kanali Andrew Campbell. Aliwaachia majengo yake ya nje wapate pa kulala, na alikuwa na leseni ya kulipua mawe, akawalipulia. Vikundi kutoka sehemu mbalimbali za nchi vilipokezana, kila kimoja na wikiendi yake. Mawe yalisukumwa kwenye vigari juu ya reli za muda, zilizosogezwa mbele kadiri tuta lilivyokua. Ukitazama picha za wakati huo unaona koti za mvua, buti zilizojaa tope, na watu kumi hivi wakisukuma kigari kimoja. Kwa Mtanzania picha ile haina ugeni wowote. Kwetu huo ni msaragambo, ila huu uliendelea kwa miaka 13.

Handaki ndilo lililowashinda, na sioni sababu ya kulificha. Kupasua karibu mita 280 ndani ya mwamba mgumu si kazi ya Jumamosi na Jumapili. Kampuni iliwaajiri wataalamu watatu wa uchimbaji madini kutoka Cornwall, wenye uzoefu wa migodi ya bati, pamoja na wafanyakazi wachache, nao wakaanza mwaka 1975. Mwaka uliofuata walitokea upande wa pili. Katika miaka hiyo ya mwisho mpango wa serikali wa kuwapa ajira vijana wasio na kazi ulileta mikono mingine. Wapo wanaosema kwamba mishahara hiyo iliharibu usafi wa hadithi. Sikubaliani nao. Wale wa kujitolea walijua ni wapi nguvu zao zinaishia, na bila kilomita walizokwisha kujenga, hao wachimbaji wa Cornwall wasingekuwa na handaki la kuchimba.

Sehemu ya mwisho ilipita nyuma ya kituo cha umeme chenyewe, juu ya mabomba makubwa ya maji, kisha ikateremka hadi Tanygrisiau. Treni za abiria zilifika hapo tarehe 24 Juni 1978. Kitu kimoja kilipotea: kwa kuwa njia mpya inapanda kilele kabla ya kushuka, magari ya mawe hayawezi tena kuteremka yenyewe kutoka Blaenau hadi baharini kama ilivyokuwa zamani. Tarehe 25 Mei 1982, miaka 150 baada ya sheria ya kwanza, treni ikaingia Blaenau Ffestiniog. Mwaka 2021 UNESCO iliiingiza nchi ya sleti ya kaskazini magharibi mwa Wales katika orodha ya urithi wa dunia, reli hii ikiwa sehemu yake.

Baada ya hapo kazi ilibadilika sura, haikupungua. Mataruma ya mbao huoza, mifereji huziba, kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji huvimba na kubomoka, na kichaka cha rododendroni, mmea wa kuletwa uliogeuka balaa katika milima ya Wales, hurudi kila kinapofyekwa. Karakana ya Boston Lodge, iliyopo tangu enzi za farasi, bado inaunda injini mpya za mvuke. Ufyekaji hauna sherehe wala mgeni rasmi wa kukata utepe, na kwa maoni yangu wanaoshinda na panga kwenye manyunyu wanastahili heshima ileile wanayopewa waliojenga kitanzi cha Dduallt.

Kampuni hiyohiyo ya Ffestiniog ilifufua pia reli ya jirani ya Welsh Highland, kutoka Caernarfon hadi Porthmadog, na sehemu kubwa ya vyuma vyake ilitandikwa na watu wa kujitolea hadi ikakamilika mwaka 2011. Injini zake kubwa ni za aina ya Garratt zilizostaafu Afrika Kusini, na baadhi yake zilitoka kiwanda cha Beyer Peacock cha Manchester. Kiwanda hicho ndicho kilichoziunda Garratt 34 za daraja la 59 za Reli za Afrika Mashariki, mwaka 1955 na 1956, kila moja ikiwa na uzito wa tani zaidi ya 250 na jina la mlima wetu mmoja. Mojawapo, Mount Gelai, namba 5918, imesimama katika Makumbusho ya Reli jijini Nairobi. Baadhi ya mafundi waliozihudumia injini za mvuke Nairobi, Voi, Nakuru na Tabora bado wako hai, wazee sasa, na wanajua namna ya kupima boila kwa mlio wa nyundo. Ningependa vijana wa vyuo vyetu vya ufundi wapelekwe kwao mwaka huu, wakiwa na madaftari na nyundo mkononi.