Kuta za ndani za vifaa chakavu (Kitui na Makueni)

Ni kuta za kugawa vyumba zinazojengwa kwa vitu vilivyokwisha kazi yake ya kwanza: magunia, maboksi, mabati kuukuu, chupa za plastiki. Katika kaunti hizi za Ukambani, ukuta wa nje aghalabu ni wa matofali ya kuchoma au udongo. Wa ndani ukiwa haubebi paa, unaweza kuwa mwembamba na wa bei nafuu.

Ukuta wa gunia ndio unaodai ufundi. Fremu ya mbao husimamishwa, gunia la katani likakazwa kwa misumari mpaka lisibaki na mkunjo, kisha hupakwa uji mzito wa saruji na mchanga uliochekechwa. Tabaka la kwanza lisipokauka vizuri, la pili huporomoka nalo. Gunia la plastiki halifai sana, kwa kuwa saruji hailing’ang’anii.

Chupa hujazwa udongo mkavu, hushindiliwa kwa kijiti na kulazwa safu kwa safu katika udongo mbichi; kazi ya kuchosha. Marufuku ya Kenya ya Agosti 2017 iligusa mifuko ya plastiki, si chupa, nazo hazikosekani kando ya barabara ya Mombasa, Emali hadi Mtito Andei.

Maboksi yaliyogandishwa kwa uji wa ngano huzuia vumbi, ila kibatari kikianguka huwaka mara moja. Mchwa nao hupanda kupitia miguu ya fremu, ndiyo maana mafundi wengi huipaka oili chafu. Kuiinua juu ya mawe ni bora zaidi.