Ajira ya wahitimu wa huduma za dharura (Afrika Kusini)

Nchini Afrika Kusini, huduma ya ambulensi ya umma iko chini ya majimbo, na usajili wa wahudumu uko chini ya Baraza la Taaluma za Afya (HPCSA). Kozi fupi za wiki chache zilizowalea wahudumu wengi zimefungwa. Badala yake kuna cheti cha mwaka 1, stashahada ya miaka 2 na shahada ya miaka 4, inayotolewa na vyuo vikuu kama vile Johannesburg na Durban University of Technology.

Hesabu ya watumishi huanzia kwenye zamu. Ambulensi moja yenye wahudumu wawili, ikifanya kazi saa 24 kwa zamu za saa 12, hudai watu 8 wanaopokezana, kabla hata ya kuhesabu likizo na ugonjwa. Lakini idadi ya wanafunzi hupangwa na vyuo, ilhali nafasi za kazi hutegemea bajeti ya jimbo, na pande hizi mbili hazikutani inavyopasa.

Mwenye shahada anaweza, kando ya barabara usiku, kumlaza majeruhi kwa dawa, kulegeza misuli yake na kumwingizia mrija wa hewa. Ni hasara kubwa ujuzi huo ukikosa ajira. Wengine huajiriwa na kampuni binafsi. Wengine huhamia nchi za Ghuba, na vijiji vinavyosubiri ambulensi kwa muda mrefu ndivyo huumia zaidi.