Baiti Moja ya Uongo

Kituo, yaani mahali ambapo mtengeneza programu huiamuru programu isimame ili aikague, kilianza kama waya uliochomolewa. Kompyuta ya ENIAC, iliyozinduliwa Philadelphia, Marekani, mwaka 1946 ikiwa na vali zaidi ya 17,000, haikuandikiwa programu. Ilipangwa kwa kuchomeka nyaya na kuzungusha swichi. Kazi hiyo waliifanya wanawake sita, na mmoja wao, Betty Snyder, aliyekuja kujulikana kama Betty Holberton, ndiye anayetajwa kuwa mwanzilishi wa kituo. Hesabu ikienda kombo, walichomoa waya, mashine ikafika hapo ikasimama, wakasoma taa zake. Waya uliochomolewa unaonekana ukining'inia, hauna siri. Kituo cha leo ni udanganyifu uliofichwa ndani ya kumbukumbu ya kompyuta, na jicho halina namna ya kukithibitisha. Ndiyo maana nashikilia kwamba historia yake ya kweli imehifadhiwa katika majaribio ya marudio, yale yanayoendeshwa upya kila programu inapobadilishwa ili kuhakikisha kuwa kilichofanya kazi jana hakijaharibika leo. Masimulizi ya wavumbuzi hayatoshi.

Udanganyifu wenyewe ni mdogo ajabu. Prosesa ya Intel 8086, iliyotoka mwaka 1978, ina amri ya baiti moja tu, CC kwa namba za heksadesimali, ambayo prosesa ikiikuta huacha ilichokuwa ikifanya na kukabidhi usukani. Ufupi huo una sababu. Amri fupi kabisa za prosesa hiyo nazo ni za baiti moja. Mtego wa baiti mbili ungeifuta amri ya jirani, na programu ikirukia kwa jirani ingekuta takataka. Sasa tuchukue sehemu ya programu inayoanza na baiti 55, kama zilivyo nyingi katika prosesa za familia hii. Kitatuzi, ile programu inayochungulia ndani ya programu nyingine, huisoma 55, huiweka kando, na kuandika CC mahali pake. Programu ikifika hapo husimama, lakini kihesabio cha prosesa kimekwisha kusogea baiti moja mbele, kwa hiyo lazima kirudishwe nyuma. Mtumiaji akiomba kuona kumbukumbu, aonyeshwe 55, ile CC asiione kamwe. Akisema endelea, 55 inarudishwa, programu inasogezwa hatua moja, kisha CC inapandikizwa tena. Pakitokea kosa popote hapo, kitatuzi kinageuka shahidi wa uongo: kinamwambia mtu kuwa programu yake haikupita mahali ilipopita, naye anakesha akitafuta hitilafu isiyokuwepo. Mganga hajigangi, anayetilia shaka kitatuzi chake hawezi kukitegemea hicho hicho kimtoe shakani.

Na kila dawa imezaa ugonjwa wake. Zilipoenea programu zenye nyuzi nyingi zinazotekelezwa kwa pamoja, ule muda mfupi wa kurudisha 55 ukawa mlango wazi: uzi mmoja ukisogezwa hatua yake, mwingine unapenya pale pale bila kusimama. Dawa ya kwanza ilikuwa kuzisimamisha nyuzi zote. Lakini zipo programu zisizovumilia kusimamishwa zote kwa pamoja, na hapo ikabuniwa njia ya kuinakili amri halisi na kuitekeleza pembeni, CC ikiachwa mahali pake; kitatuzi cha GDB kiliipata katika toleo la 7.0, mwaka 2009. Basi amri inayotegemea anwani yake yenyewe ikihamishwa inabadilika maana, nayo ikahitaji kurekebishwa. Programu inayojigawa inaleta lake: nakala inazaliwa na CC tumboni, na kama kitatuzi hakikuiondoa kabla ya kuiachia, nakala inakufa mara inapoikanyaga. Frederick Brooks, aliyesimamia mfumo wa OS/360 kule IBM, aliandika mwaka 1975 kwamba kurekebisha kosa moja kuna uwezekano wa asilimia 20 hadi 50 wa kuingiza jingine. Kwa kituo, naona maneno yake hayana chumvi.

GDB, iliyoanzishwa na Richard Stallman mwaka 1986, ina hazina kubwa ya majaribio ya marudio, inayoendeshwa na DejaGnu, mfumo uliojengwa juu ya zana ya Expect ya Don Libes. Jaribio huigiza mtu. Linatafsiri programu ndogo, linawasha kitatuzi, linaandika amri ya kuweka kituo, kisha linasoma jibu na kulilinganisha na lililotarajiwa. Wapo wanaolalamika kwamba majaribio hayo ni dhaifu: mashine ikichelewa kidogo, jaribio linaanguka bila kosa la mtu. Malalamiko ni ya haki, hasa kwa yale ya nyuzi, na yanawachosha watu kweli. Hata hivyo mfumo una njia ya kusema ukweli juu ya udhaifu huo. Anguko linalotokana na mazingira huandikwa XFAIL. Linalotokana na hitilafu inayojulikana ya GDB yenyewe huandikwa KFAIL na kuunganishwa na kumbukumbu ya hitilafu hiyo. Ni fani chache zinazoyaweka makosa yao wazi namna hiyo ili yaendeshwe upya na yeyote.

Pingamizi zito zaidi ni la Edsger Dijkstra, aliyefundisha kwamba majaribio huonyesha kuwepo kwa hitilafu, si kutokuwepo kwake. Sina ubishi naye. Lakini jaribio la marudio linadai kidogo zaidi: kwamba kosa hili mahususi, lililokwisha kumpotosha mtu, halijarudi. Wengine husema kazi yote ingeachiwa prosesa yenyewe, na kweli Intel 80386 ya mwaka 1985 ilikuja na rejista za kusimamisha programu bila kugusa baiti yoyote. Ila rejista za anwani ni nne tu, na hizo hizo ndizo zinazotumika kulinda data isibadilishwe kimyakimya. Anayehitaji kituo cha tano anarudi kwenye CC.